Kitenge cha Mama Kwenye Jukwaa la Columbus

Nilimrudishia Mzee Zakaria kalamu yake ndani ya kikombe chake cha chai. Sikuitupa. Niliichovya taratibu, kichwa chini, kama mtu anayechovya andazi, nikaiacha imesimama humo. Ilikuwa asubuhi, jikoni kwa shangazi Merisiana, ghorofani Grant Street, mjini Buffalo, Amerika, na barua ilikuwa imelala mbele yangu ikisubiri jina langu. Kwa siku tatu nilikuwa nimesema ndiyo. Ndiyo mwenyekiti, ndiyo mzee, nimekosa, sitarudia. Nilisema ndiyo Columbus, nikasema ndiyo garini njia nzima, nikasema ndiyo hata nilipoambiwa kwamba sitaimba na wenzangu. Lakini asubuhi ile niliisoma barua mpaka mstari wa tano, na mstari wa tano, kwa Kiingereza kilichonyooka, ulisema kwamba mwanamke huyu, yaani mimi, alikulia kambini na hakupata malezi, ndiyo maana alifanya aliyoyafanya. Nikauliza kwa upole wangu wa mwisho, "Mzee, hapa umeandika kwamba mimi sikulelewa?" Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye mkate wake, "Ni maneno tu, mwanangu. Hao wanapenda kusikia hivyo. Saini, kitenge cha mama yako kirudi." Hapo ndipo kalamu ilipoingia kwenye chai.

Mzee Zakaria alifariki mwezi uliopita, hapa Louisville, na kwenye matanga yake kule Shively kwaya yote ya zamani ilikusanyika. Wengine walitoka Columbus, wengine Buffalo, wamenenepa, wana watoto wanaoendesha magari. Tulipika gereji, masufuria matatu ya maharage na moja la wali, na kama kawaida ya matanga, kilio kilipochoka vicheko vikaanza. Mama Furaha, Mkongo wa milimani Kivu ya Kusini ambaye sauti yake ya kwanza ilikuwa inatubeba wote, akaanza kusimulia habari ya Odeta na chai. Odeta ndiye mimi. Kwa masimulizi yake nilimmwagia mzee chai kifuani. Hadithi ilipofika chumba cha pili nilikuwa nimempiga kofi. Ilipofika barazani, polisi walikuja. Binti yangu Divine, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa mgongoni na sasa ananipita urefu, akanifuata jikoni akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shule kama kweli nilimpiga yule babu aliyelala kwenye jeneza. Nikamwambia hapana, nilikuwa na adabu mpaka mwisho. Hakuamini. Basi naandika, ili siku akitaka kuamini asome.

Ilikuwa mwaka 2015. Habari za ukoo wangu sitazieleza hapa, zina kurasa zake. Inatosha kujua kwamba nilizaliwa na Warundi, nikakulia kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, nikasoma huko mpaka kidato cha nne, na mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto mmoja, na chumba kimoja Shively, nyuma ya nyumba ya watu, dirisha likitazama mahali pa kuoshea magari. Baba Divine alikuwa ameshaondoka, na hilo nalo silo la hapa. Nilifanya kazi kwenye ghala la maboksi. Pale msimamizi alikuwa anatufundisha namna ya kujibu: ndiyo bwana, hakuna shida bwana, samahani bwana. Nikitoka hapo naenda kwenye mazoezi ya kwaya, na Mzee Zakaria, mwenyekiti wetu, anatufundisha hayohayo kwa namna ya Mungu. "Tabasamu, dada zangu. Mtu anayemwimbia Bwana hana uso wa kukunja." Nilikuwa na hasira mwaka mzima, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Niliibeba kama nilivyombeba Divine, mgongoni, imefungwa vizuri, watu wakisema mtoto mpole huyo.

Nilichombebea ndicho kitenge chenyewe. Cha kahawia, chenye miduara ya njano iliyopauka ikawa rangi ya siagi. Mama yangu, Stefania, alinifunga ndani yake wakati wa kukimbia Burundi, akanibeba nacho mpaka kambini, na alipofariki hukohuko kambini nikabaki nacho. Divine hakuwa analala bila kukishika. Alikuwa na tabia ya kutafuna pembe moja meno yalipoanza kuota, mpaka upindo wa pembe ile ukafumuka ukawa unaning'inia nyuzi. Nilikuwa nasema kila Jumamosi nitaushona. Sikuushona.

Kiangazi kile kanisa letu lilialikwa kwenye mkutano wa kwaya Buffalo. Tuliondoka Louisville kwa gari la kanisa, tukalala Columbus kwa ndugu wa kanisa moja huko, chini ya jengo lao, magodoro yamepangwa sakafuni, ukutani michoro ya watoto ya safina ya Nuhu. Kesho yake wenyeji walitupa ugali na sombe la majani ya muhogo na dagaa wa kukaanga, harufu ikapanda mpaka juu walikokuwa Wamarekani wanafanya ibada yao, na mmoja wao akashuka kuuliza kama kuna kitu kimeungua. Alikuwa Miss Carol, mama mtu mzima aliyekuwa anawafundisha Kiingereza wenyeji wetu. Alikaa akala nasi. Alikula kwa mkono, vibaya lakini kwa bidii. Ndiye aliyetoa tiketi nne. Akasema kuna watu kutoka Uhispania wanacheza mchana ule, saa nane, mchezo unaitwa flamenko, na marafiki zake wamemwangusha. Mzee Zakaria akasema atakwenda ili kuona kama ni mambo yanayofaa. Mama Furaha akasema, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake, "Bon, miye nakwenda hata kama haifae." Mimi nikasema nakwenda kwa sababu ukumbi ule ungekuwa na baridi, na kule chini tulikuwa tunachemka.

Ulikuwa na baridi kweli, kama ndani ya friji. Viti vyekundu, zulia linalomeza nyayo. Jukwaani hakukuwa na kitu ila viti vinne vya mbao, vya kawaida kabisa, kama vya jikoni kwa mtu. Wakaingia mwanamume mwenye gita, wengine wawili wasio na kitu mikononi, na mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha mwisho akaweka viganja juu ya magoti kama anayesubiri daktari. Wale wawili wakaanza kupiga makofi. Nilidhani makofi ni makofi. Lakini yale yalikuwa yanajibizana, mmoja anapiga pale mwenzake alipoacha, na nikakumbuka wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja, kila mmoja akishusha mchi kwenye nafasi yake bila kugonga wa mwenzake. Nilitwanga hivyo utoto wangu wote. Halafu yule mzee akafungua mdomo. Hakuanza na neno, alianza na maumivu. Ilikuwa sauti iliyokatika katikati na yeye akaendelea nayo ilivyokatika, hakuirekebisha, hakuomba radhi. Kwaya yetu ingemrudisha mazoezini.

Ndipo akaja mama mchezaji. Hakuwa msichana. Alikuwa na makalio kama sisi, nywele zimebanwa, gauni jeusi lenye mkia, na viatu ambavyo nadhani vilipigiliwa misumari. Akasimama tu. Kisha kisigino kimoja, kisha kingine, kisha sikuweza tena kuhesabu. Lakini si miguu iliyonishika, ni uso. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekuta ameibiwa. Mwanzoni nilidhani kuna mtu amemkosea nyuma ya pazia. Baadaye nikaelewa kwamba ile hasira ndiyo kazi yenyewe. Sikuwahi kuona mwanamke akikasirika mbele ya ukumbi mzima, bila kutabasamu hata mara moja, na watu wamelipa kumwona. Nilisikia mgongo wangu umelowa jasho ndani ya baridi ile. Nikamtazama Mzee Zakaria upande wa pili wa Mama Furaha: alikuwa amefumba macho. Nilidhani anaomba. Miaka mingi baadaye aliniambia alikuwa anasikiliza.

Nyuma yetu alikaa bwana mmoja mweupe, mwenye skafu wakati wa kiangazi, na kila mchezaji alipokazana yeye alipaza sauti, "Ole!" Mara ya kwanza nilishtuka. Mara ya tatu nikaelewa kwamba hapa mtazamaji anaruhusiwa kujibu, na nikafurahi, kwa sababu kujibu nakujua. Mama mchezaji alipozunguka na mkia wa gauni ukamfuata kama nyoka mtiifu, nikapiga vigelegele. Vyetu, vya harusi, virefu. Vilitoka vyenyewe. Mchezaji akageuza kichwa, akatikisa kidevu kama anayesema ndiyo, ongeza. Lakini mhudumu wa ukumbi, kijana mwenye shati jeusi na tochi ndogo, alikuwa ameshafika kwenye kiti changu na kidole mdomoni. Akaniambia ninasumbua watu. Bwana wa skafu akapaza "ole" nyingine juu ya vichwa vyetu wote wawili. Kijana hakumtazama. Mimi nikasema samahani bwana, kama nilivyofundishwa.

Sasa nieleze kitu, maana hapa ndipo watu wanaposimulia vibaya. Kwetu mchezaji akikugusa humwachi acheze mabega matupu. Unafungua kitenge chako, unamwendea pale anapochezea, unamfunika. Tunafanya hivyo kwenye harusi, tunafanya kanisani mhubiri akituweza, na hakuna anayekuita mwizi wa jukwaa. Naye anacheza nacho kidogo, kisha anakishika kwa mikono miwili, anakuja mpaka ulipo, anakurudishia, mnakumbatiana. Kitenge hicho hakigawiwi. Unampa heshima, anaivaa, anakurudishia ikiwa na joto lake. Nusu ya jambo ni kwenda, nusu ni kurudi. Mtu akitoka katikati, amekutukana.

Nikamfungua Divine, nikamweka mapajani mwa Mama Furaha. Akaniuliza, "Donc unaenda wapi?" Nikamwambia nakwenda kumtuza. Akacheka kwa furaha, akasema, "Enda, enda, ule mama anastahili." Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba ni kosa. Nilipita njia ya katikati, kichwa juu, nikapanda ngazi nne za pembeni. Mama mchezaji aliniona nikija. Hakusimama, ila alizipunguza nyayo, akazifanya ndogo ndogo kama mvua inayoanza, akashusha bega moja. Alishusha bega, naandika tena. Nikamfunika. Kwa karibu alinuka jasho na limau. Akashika pembe ile yenye nyuzi, akazunguka nacho, miduara ya mama yangu ikawaka kwenye taa kama imetiwa mafuta, na ukumbi mzima ukapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Ilikuwa sehemu ya onyesho. Nilishuka ngazi nisimame chini nimsubiri, ndivyo inavyotakiwa, na nilipokanyaga zulia wanaume wawili wakanishika viwiko.

Walinitoa kwa mlango wa pembeni. Sikupigana. Niligeuza shingo tu, na kabla mlango haujafungwa nilimwona amefika ukingoni mwa jukwaa, kitenge kimekunjwa juu ya mikono yake miwili, anaangaza macho kwenye giza la viti akinitafuta. Alikuwa amejua. Hakuna aliyemwambia, alijua mwenyewe kwamba nusu yake imebaki. Mlango ukafungwa.

Nje jua lilikuwa linaumiza. Mzee Zakaria alitoka mbio na suti yake ileile aliyopandia ndege kuja Amerika, akamshika mkono kila aliyekuwa na shati jeusi, pole, samahani, mtusamehe, hajui, ni mgeni. Nikasema kitenge changu kiko ndani. Wakasema onyesho linaendelea. Nikasema nitasubiri. Wakasema siwezi kusubiri pale. Divine alikuwa analia mikononi mwa Mama Furaha, na Miss Carol alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, anasema atapiga simu kesho, atashughulikia, anaahidi. Mzee akanivuta pembeni akaniambia kwa Kirundi chetu, sauti ya chini, kwamba garini tuna watu sita ambao karatasi zao bado hazijatoka, je nataka waite polisi? Nikasema hapana mzee. Tukaondoka asubuhi iliyofuata. Njia nzima mpaka Buffalo, Divine alikuwa anachezea shingo yangu akitafuta kitambaa, akikosa analia, akichoka anaanza tena. Nilimpa sweta, akaitupa. Nilimpa khanga ya Mama Furaha, akainusa akaitupa.

Shangazi Merisiana, dada wa baba yangu, alitupokea mimi, Mama Furaha na mzee. Nyumba yake ilikuwa juu ya duka la kutuma pesa, na ukikaa sebuleni unasikia chini watu wanapaza majina ya miji, Bujumbura, Uvira, Kigoma, kama stendi. Chumba nilicholala kilikuwa juu ya jiko, na sakafuni kulikuwa na tundu la kupitishia hewa moto wakati wa baridi, lenye wavu wa chuma. Kiangazi hewa moto haikuwepo, ila maneno yalipanda yote. Mkutano ulikuwa Lackawanna, mji wa jirani, ukumbi wa kanisa lililokuwa la watu wa kiwanda cha chuma zamani. Mzee alishaamua: Odeta yuko chini ya nidhamu, atakaa benchi la nyuma, hataimba mpaka jambo liishe. Nilikaa benchi la nyuma. Wenzangu walivaa sare, wakatabasamu, wakaimba wimbo ambao ubeti wake wa tatu ni wangu, na mahali pa sauti yangu walipaacha wazi kabisa, hakuna aliyeziba. Mama mmoja nisiyemjua akanigeukia akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimefungiwa. Akasogea kidogo.

Mchana ule, tumerudi kwa shangazi na Divine akigoma kulala, nikalala naye sakafuni karibu na lile tundu ili apate hewa, na jikoni chini wakaanza kuzungumza. Miss Carol alikuwa amepiga simu kuleta jibu la ofisi ya ukumbi. Mama Furaha ndiye aliyepokea. Nilimsikia anasema, "Mwenyekiti, ule mama wa ofisi anasema kitambaa iko, tubaandikie tu maelezo vile ilipita, batakituma na posta. Hakusema kuomba pardon." Mzee akasema anajua cha kuandika. Mama Furaha akasema, "Donc, unaandika nini yote ile? Ukurasa mzima?" Nikasikia kijiko kinazunguka kikombeni. Kisha mzee akasema maneno ambayo sijayasahau: "Maelezo bila machozi hayasomwi, mama. Wewe hujui ofisi. Mimi najua ofisi."

Na kweli alijua. Hili ndilo nililochukua miaka kulielewa, na ndilo wanaocheka kwenye matanga hawalisemi. Kambini Mzee Zakaria ndiye alikuwa anaandikia watu barua. Mwalimu wa zamani, meza chini ya turubai, foleni asubuhi. Unataka kadi ya chakula iliyopotea, unataka mtoto apelekwe hospitali ya mjini, unataka jina lako lisogee kwenye orodha, unakwenda kwake, naye anakuandikia kwamba wewe ni mjinga, yatima, huna akili, huna mtu, unapiga magoti. Barua ya kulia, tulikuwa tunaiita. Zilifanya kazi. Nusu ya waliokaa kwenye viti vya matanga yake walikuja Amerika wakiwa wamepakiwa ndani ya barua hizo. Hata mimi. Kwa hiyo aliposikia kuna ofisi na kuna kitu cha kurudishwa, mkono wake uliandika kile ulichozoea. Hakuwa ananichukia. Alikuwa ananihudumia. Hilo najua sasa. Asubuhi ile nilijua tu kwamba ili nipate kitenge cha mama yangu, natakiwa kusaini kwamba mama yangu hakunilea.

Basi kalamu ikawa kwenye chai. Mzee akaitazama, akanitazama. Shangazi alikuwa anasonga ugali kwa mwiko jikoni humohumo. Hajui Kiingereza. Tangu jana yake alikuwa ananiambia saini mwanangu, wino hauumi. Sasa akauliza karatasi inasema nini hasa. Nikamsomea mstari wa tano kwa Kirundi, polepole, bila kuongeza. Shangazi ndiye aliyemwosha mama yangu alipokufa. Aliweka mwiko chini. Kisha akanyanyua sufuria la sombe kutoka motoni, zito, jeusi kwa masizi, akaja nalo mezani, akalituliza juu ya barua. Likafanya mlio kidogo. Akamwambia mzee, "Kula, mzee, chakula kisipoe." Akarudi kwenye mwiko wake. Mama Furaha akaziba mdomo kwa khanga. Nani alimwagiwa chai hapo? Nani alipigwa? Mzee alitoa kalamu kwenye kikombe, akaipangusa kwa leso, akaiweka mfukoni, akala. Alipomaliza aliniuliza, sauti ya mwalimu, "Utafanyaje sasa?" Nikamwambia nitaandika mwenyewe.

Nilikwenda maktaba, hatua chache kutoka Grant Street, Divine kwenye nyonga. Niliandika kwanza kwa Kiswahili, kwa mtindo wa barua rasmi tuliofundishwa kidato cha pili, kwa sababu ndio mtindo pekee nilioujua wa kusimama mbele ya ofisi nikiwa nimenyooka. Halafu nikageuza kwa Kiingereza neno kwa neno na kamusi, na mama wa maktaba akanisaidia kuchapa. Aliniuliza kama nataka alainishe hapa na pale. Nikasema hapana. Nilituma posta, ile ya anayepokea kusaini.

Kitenge kilirudi wiki ya tatu, Shively, ndani ya bahasha kubwa. Kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni isiyo yetu. Pamoja nacho kulikuwa na karatasi iliyochapwa ya kanuni za watazamaji, bila neno lingine, na niliitandika kwenye droo ya vijiko. Lakini nilipokikunjua nikitafuta ile pembe ya Divine, nikakuta upindo umeshonwa. Uzi mwekundu, mishono midogo ya karibu karibu, ya mtu aliyezoea kushona nguo za jukwaani. Ofisi hazishoni. Nilikivaa matanga ya mzee, na kwenye gereji, vicheko vikiendelea, nilikuwa nimeshika pembe ile.

Kwaya walinirudisha baada ya miezi miwili, bila maneno. Miaka minne ikapita. Siku moja Mzee Zakaria akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi. Mwenye nyumba wake alikuwa amekataa kutengeneza mtambo wa joto, majira ya pili ya baridi hayo. Alikaa, akanywa chai, akatazama kikombe muda mrefu, tukajikuta tunacheka wote wawili. Kisha akasema, "Odeta, niandikie moja kama ile. Isiyo na machozi." Nilimwandikia. Na hii hapa chini ndiyo ile ya kwanza, ya Columbus, kama ilivyokuwa. Shuleni tulifundishwa kumalizia kwa wako mtiifu. Niliandika, nikafuta.

Kwa Meneja,
Jumba la Maonyesho,
Columbus.

YAH: MALALAMIKO YA KUTOLEWA UKUMBINI NA KUBAKIZWA KITENGE CHANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanamke niliyetolewa kwenye onyesho la flamenko la saa nane mchana, nikiwa na tiketi halali na mtoto mmoja.

Mhudumu wenu alisema nasumbua watu kwa sababu nilipiga vigelegele. Nyuma yangu kulikuwa na bwana mwenye skafu aliyepaza sauti mara nyingi kuliko mimi. Yeye hakuambiwa kitu. Naomba mniandikie tofauti ya sauti yake na yangu.

Ni kweli nilipanda jukwaani bila kuuliza. Kwetu hatuulizi, tunaangalia kama mchezaji ameshusha bega. Alishusha. Mwulizeni. Baada ya hapo ilikuwa ni juu yake kunirudishia kitenge mkononi, na alikuwa anakuja kunirudishia. Wahudumu wenu walinishika viwiko kabla hajafika. Hamkunitoa nje tu, mlikata salamu katikati, na mtu mwenye kosa hapo si mimi wala si yeye.

Kitenge ni cha kahawia, miduara ya njano, pembe moja imefumuka. Kisiandikwe kwamba kimepotea. Hakijapotea, najua kiko wapi. Sikiombi. Nakidai. Mtoto wangu hajalala vizuri tangu siku ile.

Pia mwambieni yule mama mchezaji kwamba sikukimbia.

Kama mtapokea barua nyingine inayosema nilifanya hivyo kwa kukosa malezi, siyo yangu, sikuisaini. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu kumheshimu anayecheza vizuri.

Nakala: Baraza la Wazee wa Kanisa, Louisville.

Ni mimi,
Odeta, binti Stefania,
niliyelelewa.